Walipwe kwanza walioshona viti

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama serikali iviokoe viwanda vya magari vya humu nchini vinapoyumba. Mimi nasema iviokoe, ila isimkabidhi mwenye kampuni hundi.

Nashona viti vya matatu hapa Nakuru. Chasisi ya basi hufika yadi kutoka Nairobi ikiwa tupu: injini, magurudumu, usukani, na dereva aliyejifunika koti zito kwa sababu hakuna hata kioo cha mbele cha kumkinga upepo wa barabarani. Ikitoka hapa ni basi. Katikati wamepita mchomeleaji wa fremu, fundi wa kupiga ribiti mabati ya ubavuni, wa nyaya, wa vioo, wa rangi, na sisi wa viti, tunaonunua sponji na ngozi bandia kwa pesa zetu tukitumaini kulipwa gari likichukuliwa. Ukitaja kiwanda cha magari, watu huwaza malango makubwa ya Thika na Mombasa. Mwenye cherehani pia ni kiwanda. Yadi moja tuliyoishonea ilipofungwa, benki ilibeba mashine, na sisi tuliodai tukaambiwa tungoje. Hadi leo tunangoja.

Kwa hiyo nikisikia neno "kuokoa", nauliza: anaokolewa nani? Wenzetu wa Kakamega waliona serikali ikiipa Mumias Sugar mabilioni ya shilingi, wakulima wakiendelea kudai pesa za miwa yao, na mwaka 2019 benki ya KCB ikaiweka kampuni chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya deni la benki. Pesa ziliingia kwa mlango wa mbele na mkulima hakuziona.

Marekani walifanya tofauti. Kampuni za magari za General Motors na Chrysler zilipokaribia kuanguka mwishoni mwa 2008, serikali ilitoa mikopo, lakini Machi 2009 mkuu wa General Motors, Rick Wagoner, akatakiwa aondoke. Mwezi huohuo zikatengwa dola bilioni 5 ili wanaoziuzia kampuni hizo vipuri wasikose malipo. Juni mwaka huo General Motors ikapitishwa mahakamani kama kampuni iliyofilisika, ikaacha kuunda magari ya Pontiac na Saturn, ikabaki na kile ilichoweza kuuza. Mlipa kodi alipoteza zaidi ya dola bilioni 10 katika General Motors peke yake. Ni hasara kubwa, na sitaificha. Ila wauzaji wa vipuri nao walifikiriwa, na hilo ndilo ninalolitaka hapa.

Kwetu lakini mkopo wenyewe hautoshi. Mobius, kampuni ya hapa Kenya iliyounda gari la barabara mbovu, walitangaza Agosti 2024 kwamba wanaifunga kampuni kwa mzigo wa madeni, kabla ya kupata mnunuzi kutoka nje. Kabla yao kulikuwa na gari la Nyayo, lililoanza 1986 kwa agizo la Rais Moi. Yakaundwa machache ya majaribio mwaka 1990, mradi ukazimika kwa kukosa pesa. Gari lisilo na mnunuzi haliokolewi na mkopo. Na mnunuzi wa kawaida ana haki ya kwenda kwa mtumba wa Japani, ambao sheria inaruhusu uingie ukiwa na umri usiozidi miaka minane. Simlaumu, mshahara wake haufiki kwenye gari jipya. Wanaotaka mitumba ipigwe marufuku kesho wamwambie kwanza mwalimu wa Njoro atapanda nini.

Mnunuzi mwenye uwezo ni serikali yenyewe. Mabasi ya shule za umma, ambulensi za kaunti, malori ya taka: haya yote ni kodi yetu. Yaagizwe kwa viwanda vya hapa, mabodi yaundwe katika yadi za Nakuru, Kisumu na Eldoret, na kila oda iwe na sharti kwamba kampuni haipati malipo ya mwisho mpaka ionyeshe risiti za kuwalipa mafundi na wauzaji wake. Kaunti ya Nakuru inaweza kuanza na basi la kwanza litakalonunuliwa kwa bajeti ijayo, bila kungoja Nairobi.