Nibadilishe kioo cha mbele nyumbani kwa silikoni?

SWALI: Jiwe limepasua kioo cha mbele cha Toyota IST yangu, ufa umevuka upande hadi upande. Kioo kingine nimeshanunua, na mdogo wangu atanisaidia kukifunga. Tunaweza kutumia silikoni ya madirisha ya alumini? Na gari litatembea baada ya muda gani? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kazi mnaiweza, ndugu yangu, ila hiyo silikoni irudishe dukani. Kioo cha mbele hubeba mzigo: gari likipinduka husaidia paa lisibonyee, na kwenye magari mengi eabegi ya abiria hufumuka kwa kukiegemea. Silikoni haina nguvu hiyo, tena huacha utelezi unaozuia gundi sahihi kushika. Nunua gundi ya poliyurethani ya vioo vya magari pamoja na praima yake (dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike), na usome tarehe ya kuisha.

Ng'oeni waipa na plastiki za pembeni, funikeni dashibodi kwa blanketi, vaeni miwani na glavu. Toboa gundi ya zamani kwenye kona, pitisha waya wa kukatia vioo, mmoja ndani mmoja nje, mvute kama msumeno.

Kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi. Usikwangue gundi ya zamani hadi kwenye bati! Ikate kwa wembe ibaki tabaka sawasawa la milimita 1 hadi 2, maana gundi mpya hushika hapo vizuri kuliko kwenye rangi. Ukishaikata usiishike kwa vidole. Penye mkwaruzo uliofika kwenye bati, paka praima, la sivyo kutu itatambaa chini ya gundi na masika utakuta zulia limelowa. Ukikuta kutu imeshakula bati, simamisha kazi, gari liende kwa fundi bodi kwanza.

Pachikeni kioo kikavu kwanza, mbandike vipande vya selotepu kutoka kwenye kioo hadi kwenye paa, mvikate katikati. Hizo ndizo alama zenu. Safisha ukingo mweusi wa kioo, upake praima. Mdomo wa mrija ukate pembe ya V ili gundi isimame pembetatu, uikamue mfululizo bila kuacha pengo. Kioo kikishagusa gundi, kibonyezeni taratibu, msikiinue tena.

Kuhusu muda, fuata karatasi ya gundi: zipo za saa moja, zipo za siku nzima. Gundi hii hukomaa kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo kiangazi cha Dodoma huichelewesha kuliko hewa ya pwani, na kulianika gari juani si njia ya mkato. Acha dirisha moja wazi kidogo, kwani mlango ukibamizwa hewa ya ndani husukuma kioo. Gundi ikishakomaa, mwagia maji ya ndoo ukitazama ndani kama yanapenya. Mashine ya kuoshea isubiri siku mbili.

Mwenye gari jipya lenye kamera nyuma ya kioo ampelekee fundi mwenye vifaa, maana kamera hiyo lazima ipangwe upya.