Barua ya chuo Marekani ikisema unadaiwa sifuri, piga hesabu upya

Bei ya chuo iliyoko kwenye tovuti huwatisha wengi kabla hata hawajaomba. Kwa takwimu za College Board, shirika la elimu la Marekani, za mwaka wa masomo 2024–25, wastani wa ada peke yake, bila chumba, chakula wala vitabu, ulikuwa dola 4,050 kwa chuo cha jamii cha miaka miwili, dola 11,610 kwa chuo kikuu cha umma ukiwa mkazi wa jimbo, dola 30,780 ukitoka jimbo jingine, na dola 43,350 kwa chuo binafsi kisichoendeshwa kwa faida. Hiyo ni bei ya kutangaza. Inayokuhusu wewe ni ile inayobaki baada ya ruzuku, ikizidishwa kwa miaka atakayokaa mtoto mpaka amalize. Chuo cha ada kubwa chenye mfuko mnono wa ruzuku kinaweza kuwa nafuu kuliko cha jirani, hasa kwa familia ya kipato kidogo.

Mlango wa kwanza ni FAFSA, fomu ya bure ya kuombea msaada wa fedha za chuo, ambayo kwa kawaida hufunguliwa 1 Oktoba. Mwanafunzi na mzazi kila mmoja anafungua akaunti yake kwenye studentaid.gov. Katika familia nyingi za wahamiaji, mtoto ndiye anayejua Kiingereza vizuri, hivyo humfungulia mzazi akaunti kwa barua pepe ya mtoto mwenyewe. Mfumo unakataa, na wiki zinapotea. Mtengenezee mzazi barua pepe yake kwanza. Mzazi asiye na namba ya Social Security naye anaruhusiwa kufungua. Kisha kila mmoja lazima akubali taarifa zake za kodi zitolewe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Mmoja akigoma, hata kama hakupeleka hesabu za kodi mwaka huo, mtoto anakosa msaada wote wa serikali kuu. Mwenye green card anahesabiwa kama raia. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, hana haki ya fedha hizi, basi akiulize chuo chenyewe kinatoa nini. Mwisho wa serikali kuu ni 30 Juni, lakini majimbo na vyuo vingi hufunga mapema zaidi, na fedha zao zikiisha zimeisha.

Sasa barua ya msaada, ile ambayo chuo hukutumia kikieleza gharama na fedha utakazopata, na hapa tulia. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilikuta kwamba asilimia 91 ya vyuo haviandiki gharama halisi kwenye barua hizo, au huionyesha kuwa ndogo kuliko ilivyo. Chukua mfano huu. Gharama yote ya mwaka ni dola 31,000. Chini yake, kwa kichwa cha "msaada wako", kuna Pell Grant (ruzuku ya serikali kuu) 7,395, ruzuku ya chuo 6,000, Direct Subsidized 3,500, Direct Unsubsidized 2,000, Work-Study 2,500 na Parent PLUS 9,605. Jumla 31,000. Deni: sifuri.

Shika kalamu ukate kila kisichokuwa zawadi. Zinabaki Pell na ruzuku ya chuo, yaani 13,395. Gharama yenu halisi ni dola 17,605 kwa mwaka, na kwa miaka minne 70,420 hata ada isipopanda. Work-Study si fedha inayoingizwa chuoni: mtoto anatafuta kazi kampasi na kulipwa kwa saa alizofanya, kwa hiyo haiwezi kulipa bili ya Agosti. Direct zote mbili ni mikopo: Subsidized serikali inaibebea riba akiwa masomoni, ila Unsubsidized riba yake inaanza siku ile ile inapotolewa. Kwa mikopo ya 2025–26 riba ni asilimia 6.39, kwa hiyo dola 2,000 zinazaa kama dola 128 kila mwaka. Parent PLUS ni deni la mzazi, kwa jina la mzazi, kwa asilimia 8.94. Kuuita mkopo msaada si haki, na wanaoumia zaidi ni wale ambao mtoto wao ndiye wa kwanza kwenda chuo.

FAFSA inatazama kipato cha miaka miwili nyuma. Kama tangu hapo mzazi ameachishwa kazi au ameugua, iandikie ofisi ya msaada wa fedha ukiomba hali yenu ipitiwe upya, na uambatanishe barua ya mwajiri au bili za hospitali. Wana mamlaka ya kisheria ya kurekebisha hesabu.

Kinachopandisha gharama kimyakimya ni muda. Kati ya walioanza shahada mwaka 2014 kwa kusoma muda wote, takriban asilimia 64 tu walimaliza katika chuo kile kile ndani ya miaka sita. Shahada ya kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa kozi. Kwa msaada wa serikali, krediti 12 kwa muhula zinatosha kuitwa mwanafunzi wa muda wote, kwa hiyo hakuna anayekushtua. Lakini 12 mara mihula 8 ni 96. Zimepungua 24, yaani mihula miwili zaidi, na kwa mfano wetu ni dola 17,605 nyingine. Chukua 15 kwa muhula. Anayeanzia chuo cha jamii apate kwa maandishi, kabla ya somo la kwanza, orodha ya kozi zitakazopokelewa na chuo anachokusudia kuhamia, tena zihesabiwe ndani ya fani yake. Kozi inaweza kupokelewa na bado isipunguze chochote.

Kuhusu ajira, takwimu za Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani, zinaonyesha kuwa wahitimu wapya wapatao 4 kati ya 10 wanafanya kazi zisizohitaji shahada. Uuguzi na uhandisi wako vizuri zaidi, haki ya jinai na sanaa za maonyesho wanabanwa. Ingia College Scorecard, tovuti ya serikali ya kulinganisha vyuo, utafute fani ndani ya chuo husika, si jina la chuo pekee, ulinganishe kipato cha wahitimu na deni lao. Mafunzo kwa vitendo yenye malipo husaidia kupata kazi kuliko yasiyolipa, na makampuni makubwa ya uhasibu na benki hupokea maombi ya mafunzo ya kiangazi miezi mingi kabla. Kwa hiyo mwanafunzi apeleke wasifu wake ofisi ya ajira ya chuo ukakaguliwe tangu muhula wa kwanza, wakati foleni bado fupi.