Komwe Mbili, Kamati ya Watu Tisa

Mhariri ameuliza wiki hii: kamati ya kikundi chako inakusaidieni au inakukwamisheni? Yetu inatukwamisha, tena bila nia mbaya. Ni watu waungwana wote tisa, ukimkuta mmoja mmoja.

Sisi ni wacheza bao wa barazani hapa Tanga. Zamani hapakuwa na cheo ila fundi na anayejifunza. Tulipoanza kualikwa mashindano mitaa mingine tukaambiwa lazima tuwe na katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe. Haya, tukachagua.

Chukua suala la kete. Bao la Kiswahili linataka kete 64, na zetu ni komwe, mbegu za mkomwe. Zilipotea mbili hivi, tukaziba pengo kwa kokoto. Asiyecheza ataona ni mamoja, lakini wakati wa kunamua, yaani mwanzo wa mchezo kete zikiwa bado zinaingizwa ubaoni, mtu hahesabu nyumba ya mwenzake (lile shimo lake kuu) kwa kidole. Anaitupia jicho tu, anajua zimo ngapi. Kokoto nene ikikaa humo, jicho linadanganyika. Sasa, mkomwe unajiotea wenyewe kando ya pwani. Miba inachoma, basi, lakini bei hauna. Kamati ikasema hayo ni matumizi. Kikao cha kwanza akidi haikutimia. Cha pili kikaanza na muhtasari, kikazama kwenye yatokanayo, na komwe zikasukumwa kwenye mengineyo, saa ambayo nusu ya wajumbe wameshaondoka kuwahi magharibi. Cha tatu kikaunda kamati ndogo ya kuchunguza bei. Bei ya kitu kinachookotwa! Mzee mmoja alichoka, akaleta kopo zima kutoka shambani kwake. Katibu akamwandikia barua ajieleze kwa nini ametoa msaada bila kupitia kwa mweka hazina.

Fulana nazo mpaka leo hatuna. Njano na kijani ni Yanga (na mjumbe mwingine akanong'ona, ni chama), nyekundu ni Simba, buluu ni Azam. Tuliache hilo.

Kilichoniudhi hasa ni kutakasia, ile sheria ya kumzuia mwenzako asilicheze shimo lake linalotishiwa kuliwa. Mafundi wetu wawili wanapishana kidogo juu ya wakati gani shimo huhesabiwa limetakasiwa, na miaka yote walikuwa wakikubaliana kabla ya kuketi: leo tunacheza ya kwako, kesho ya kwangu. Mjumbe mmoja akaona huo ni utovu wa utaratibu. Suala likaletwa mezani, likapigiwa kura, sita kwa tatu. Katika wale sita, wanne sijawahi kuwaona wameshika kete. Wao huja kwa ajili ya kahawa na habari za mjini, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Lakini utampigiaje kura fundi juu ya bao, mtu aliyelicheza tangu hujazaliwa? Mafundi walinyamaza, wakaendelea kama kawaida yao.

Mimi sisemi kamati ivunjwe. Michango, mialiko na ugomvi wa watu wazima vinahitaji kikao, na mweka hazina peke yake ni mtihani kwake na kwetu. Ila ya ubaoni waachiwe mafundi, na vitu vidogo apewe mtu mmoja na fungu lake, tuseme shilingi 20,000, anunue kwanza, risiti alete baadaye. Akizila, tunamjua ni nani. Sasa hivi jambo likiharibika limeharibiwa na "kamati", na kamati huwezi kuifuata nyumbani kwake ukaidai.

Juzi walikuja wageni kutoka Pangani. Kabla ya kuketi wakauliza kistaarabu: "Nyie hapa mnatakasia vipi?" Katibu na fundi wakajibu kwa pamoja, kila mmoja lake. Wageni wakacheka, tukacheza kwa sheria ya kwao, wakatufunga.