Hakuna machimbo, basi hakuna madini?

SWALI: Shikamoo mama. Nimeajiriwa karibuni kwenye timu inayoandika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi ni wa nyumba na barabara, hekta 4 za uwanda kando ya mto. Sura ya madini nimepewa mimi, na rasimu niliyoikuta ina sentensi moja tu: "Hakuna machimbo eneo la mradi, hivyo hakuna athari." Mkubwa wangu anasema inatosha. Mimi roho haitulii. Niandike nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Una haki ya kutotulia. Machimbo ni kazi ya watu. Madini yapo ardhini yawe yamechimbwa au hayajaguswa. Unachotakiwa kujibu ni hiki: mradi ukishajengwa, kuna kitu chenye thamani ambacho hakitafikika tena?

Wala usiwaze dhahabu. Kando ya mto waza mchanga na changarawe. Ni vitu vizito vyenye bei ndogo kwa tani, hivyo nauli hula thamani yake upesi, na tabaka dogo lililo karibu na wajenzi huweza kuwa na faida kuliko kubwa la mbali. Anza na ramani ya jiolojia, kisha nenda mwenyewe. Tazama kingo zilizokatwa na maji, mitaro, visima vya zamani. Ukiona dalili, dai mashimo machache ya majaribio: upate unene wa tabaka, unene wa udongo unaolifunika, kina cha maji ya ardhini, na kiasi cha udongo wa mfinyanzi, maana mchanga wenye mfinyanzi mwingi haufai kwa zege mpaka uoshwe.

Halafu piga hesabu. Hekta 4 ni mita za mraba 40,000. Tabaka likiwa na unene wa mita 3, hizo ni mita za ujazo 120,000. Kwa makadirio ya tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo, ni tani 192,000. Si zote zitachimbika, kwani kingo za mto haziguswi na kuta za shimo lazima ziachiwe mteremko. Hata hivyo, mkubwa wako aione namba hiyo kabla hajasema inatosha.

Kule California, Marekani, chini ya sheria ya 1975 ya uchimbaji wa juu ya ardhi, maeneo hupangwa katika makundi manne. La kwanza ni pale ambapo taarifa zinaonyesha hakuna madini ya maana. La nne ni pale ambapo taarifa hazitoshi kuamua. Rasimu yako imelichukua la nne ikaliita la kwanza.

Sasa jambo linaloniuma. Nilipokuwa kijana nilipima eneo la mradi mmoja wa nyumba hadi mita ya mwisho, nikaishia mpakani. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na machimbo ya kokoto. Watu walipohamia, baruti na vumbi viliwatesa, wakalalamika, na walikuwa na haki. Machimbo yakafungwa mwamba mzuri ukiwa bado umebaki, na wachimbaji wakakosa kazi. Ripoti yangu haikuwa na neno hata moja juu yao. Kwa hiyo chora mstari wako nje ya mpaka, uulize nyumba hizi zitazuia nini kwa jirani.

Ukikuta tabaka zuri, usikimbilie kuupinga mradi. Pendekeza mchanga uchimbwe kwanza, utumike kwenye misingi na barabara za mradi wenyewe, ila tu shimo lisiteremke hadi kwenye maji ya ardhini. Au nyumba zisogezwe, sehemu yenye tabaka nene ibaki uwanja wa wazi.

Na mashimo yakionyesha mfinyanzi mtupu, andika hivyo hivyo, pamoja na kina ulichofika katika kila shimo.