Muulize fundi: Sensa imegandia kwenye injini, nifanyeje?

Shikamoo fundi. Nina Canter ya zamani, injini 4D33, nabeba viazi Makambako kwenda Dar. Geji ya temperecha imelala chini siku zote, nikaambiwa sensa imekufa, nikanunua mpya. Shida ni kwamba sensa ile ya zamani haitoki, imegandia pale kwenye nyumba ya thermostati (vali ya maji ya kupoza injini), ni ya waya mmoja. Tumeweka mafuta ya breki, tumegonga na nyundo, sasa pembe zimeanza kuliwa. Utingo wangu anasema tuongezee spana bomba. Tuendelee? – Dereva, Makambako

Marahaba mdogo wangu. Hilo bomba liwekeni chini kwanza. Kabla hata ya kuhangaika na kutoa, hivi una uhakika sensa ndiyo imekufa? Chomoa ule waya wake, washa swichi bila kupiga stata, halafu gusisha ncha ya waya kwenye chuma kisafi cha injini. Mshale ukipanda mpaka kwenye H toa haraka, maana yake geji na waya ni vizima, basi kweli sensa ina tatizo. Usipopanda shida ni waya au geji yenyewe, hiyo sensa iache ilipo wala usiiguse, nimeona watu wanavunja kitu kizima kwa sababu waya umekatika nyuma ya dashibodi.

Tuseme imekufa kweli. Chungulia pale inapoingia, utaona unga mweupe kama wa muhogo umezunguka shingo. Sensa nyingi za aina hii ni za shaba ya njano, nyumba ni ya aluminiamu, na gari limenyweshwa maji ya bomba miaka yote badala ya kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini), sasa hizo metali mbili zikikaa kwenye maji ya hivyo aluminiamu inaliwa na ule unga unajaa kwenye nyuzi unakuwa kama simenti. Ndio maana nyundo haisaidii, pale hakuna kutu ya kupasua.

Fanya hivi. Injini iwe imepoa, toa kulanti kidogo mpaka ishuke chini ya usawa wa sensa. Piga spreyi ya kulegeza nati jioni, lala, asubuhi piga tena. Spana ya mdomo achana nayo kabisa, tafuta soketi ndefu ya pembe sita, zile za pembe kumi na mbili ndizo zinamaliza kichwa. Kama ile ncha ya waya inazuia soketi isizame, ikate, si unayo mpya? Halafu usianze kulegeza, anza KUKAZA, kidogo tu, mpaka usikie kama "tik", ndipo urudi nyuma, ikija robo unairudisha mbele, unapiga spreyi, unarudi tena, taratibu hivyo hivyo huku unga unatoka wenyewe.

Ikigoma, moto. Ila pasha nyumba, sio sensa, maana aluminiamu inatanuka kuliko shaba na tundu linafunguka. Tumia ile drai ya moto ya mafundi rangi. Gesi ya kuchomelea sitaki kuisikia hapo, aluminiamu haiwi nyekundu kama chuma ikikaribia kuyeyuka, unaiona iko vilevile, mara imedondoka chini. Futa spreyi yote kabla ya kupasha, na pale palipopigwa dawa ya kusafishia breki usipeleke joto, zipo zenye klorini ambazo zikipashwa zinatoa gesi ya sumu mbaya sana.

Bado? Basi fungua nyumba yote, ni bolti chache na gasketi mpya, uibane kwenye jiliwa juu ya meza uone kwa macho unachofanya. Mimi niliwahi kuweka bomba hilo hilo la utingo wako kwenye gari la mteja, sensa haikutoka, ilitoka sikio la nyumba, siku mbili nazunguka maduka ya spea Kariakoo kwa hela yangu.

Ukifunga mpya safisha nyuzi vizuri na usizungushe ile tepu nyeupe ya mabomba. Sensa ya waya mmoja inapata waya wake wa pili kupitia mwili wake kwenye injini, ukiifunika na tepu geji inadanganya, utarudi kuniambia sensa mpya nayo mbovu.

Fundi habari, lori langu la 2004 sensa ya flaiwili (lile gurudumu zito la meno nyuma ya injini) imevunjika nikiichomoa, kipande cha plastiki kimebaki kwenye tundu. Nikisukumie ndani? – Msomaji, Tunduma

Usithubutu! Kikiangukia kule kwenye flaiwili unaweza kushusha giaboksi kwa ajili ya kipande cha plastiki. Toboa katikati yake tundu dogo, kwa mkono au drili ya polepole, paka grisi kwenye ncha ya drili ili vumbi linase, halafu ingiza skrubu ya mbao mpaka ishike, spreyi pembeni, zungusha kushoto na kulia KABLA ya kuvuta. Ukivuta bila kuzungusha skrubu itatoka peke yake.

Kikishatoka piga tundu msasa mwepesi huku umeweka kitambaa chini, kutu ndiyo iliyokuwa inaibana. Ringi ya mpira ya sensa mpya ipake oili, isukume kwa kidole mpaka ikae, usiivute kwa kukaza bolti maana sikio litapasuka. Na kile kipande usikitupe, angalia kichwa chake. Kama kimekwaruzwa, meno ya flaiwili yalikuwa yanakigusa, labda sensa haikuwa ya gari hilo au krenki (shafti kuu ya injini) ina mchezo, na mpya ukiifunga kabla ya kujua ni ipi nayo itasagwa.