Mzee wa Santuri Anajibu: Panki Iliyopitwa Pembeni

Swali: Mzee, shikamoo. Ramones, Sex Pistols na The Clash nimewasikiliza hadi nimekinai. Kuna albamu gani za panki, ile roki ya kasi na kelele, au roki ya ajabuajabu ambazo watu wamezipita tu? Naomba chache, si orodha ndefu.
*Msikilizaji Aliyekinai*

Jibu: Marahaba. Naanza na moja ambayo wabishi watasema si panki hata kidogo: *Colossal Youth* ya Young Marble Giants, bendi ya Cardiff, Wales, iliyotolewa na kampuni ya Rough Trade mwaka 1980. Humo hamna mpiga dramu. Midundo inatoka kwenye mashine iliyoundwa na binamu yao. Wakati bendi nyingi zikishindania kelele, ndugu wawili, Stuart na Philip Moxham, walipunguza kila kinachopunguzika. Stuart anazibana nyuzi za gitaa kwa kiganja, mlio unatoka mfupi na mkavu, na besi ya Philip ndiyo inayoubeba wimbo. Alison Statton anaimba kama mtu anayejiimbia huku akiosha vyombo. Hajitutumui, halii, hataki umhurumie. Mimi naiona hiyo ni jeuri kubwa kuliko kupiga mayowe. Albamu ya studio waliyotoa ni hiyo moja tu, na Kurt Cobain wa Nirvana alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiisifu.

Ukitaka kelele, rudi 1966 kwa *Black Monk Time* ya The Monks. Hawa walikuwa Wamarekani watano waliopelekwa Ujerumani kama wanajeshi, wakabaki huko kupiga muziki. Walinyoa utosi kama watawa na kuvaa nguo nyeusi. Banjo yao ya umeme haipambi chochote. Inakwaruza mapigo yaleyale pamoja na dramu, na kinanda kinapita juu yake kikipiga kelele. Wimbo wa kwanza tu tayari wanailalamikia vita ya Vietnam. Polydor waliitoa Ujerumani, lakini Marekani kwao haikutolewa wakati ule.

Ongeza albamu ya kwanza ya The Raincoats, 1979, kwa ajili ya fidla ya Vicky Aspinall. Ilipotolewa upya mwaka 1993, maelezo ya jalada aliyaandika Cobain. Yule bwana alikuwa na masikio.

Swali: Rafiki yangu anashikilia kwamba kuna ndugu weusi wa Detroit waliopiga panki kabla ya Ramones. Ni kweli au ananidanganya?
*Mbishi*

Jibu: Hakudanganyi, ila anavuta kamba kidogo. Bendi ni Death: David, Bobby na Dannis Hackney. Walirekodi nyimbo saba mwaka 1975, na albamu ya kwanza ya Ramones ilitoka 1976. Lakini Ramones wenyewe walishaanza 1974, na palepale Detroit, The Stooges na MC5 walikuwa wametangulia. Kwangu mimi, nani alikuwa wa kwanza si hoja. Kampuni kubwa ilitaka wabadilishe jina la bendi, David akakataa, na mkataba ukafa. Wakajitolea santuri ndogo yenye *Politicians in My Eyes*, nakala 500 tu. David alifariki mwaka 2000. Nyimbo zote saba zilitoka 2009, kupitia Drag City, kwa jina *...For the Whole World to See*. Mwambie rafiki yako aache tarehe, asikilize jinsi Bobby anavyoimba na kupiga besi.

Swali: The Shaggs: wabovu au mabingwa?

Jibu: Wabovu wenye msimamo. *Philosophy of the World*, 1969, ni ya dada wa familia ya Wiggin kutoka New Hampshire, waliosukumwa na baba yao waunde bendi. Gitaa linakwenda kwake, dramu kwake, wala hakuna anayesita. Jaribu *My Pal Foot Foot*, unaohusu paka aliyepotea. Ukishindwa kuumaliza, sitakulaumu.