Taa mbili, chanzo kimoja: kwa mafundi wapya wa ABS na saspensheni ya hewa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye umeme wa magari, kuna gari mtakutana nalo mapema. Linaingia gereji taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) imewaka, taa ya kuteleza imewaka, na kwenye dashibodi kuna maandishi kwamba saspensheni ya hewa, ile inayobeba gari kwa baluni za hewa, ina hitilafu. Mwenye gari ana wasiwasi, na mara nyingi ameshaambiwa na mtu kwamba kompresa, pampu inayojaza hewa hiyo, imekufa. Msikubali wala msikatae. Chukueni mashine ya kupimia, someni kompyuta zote za gari, kisha andikeni kila msimbo wa hitilafu kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Fundi akifuta kwanza ndipo asome, ushahidi wote umekwenda.

Ili muelewe kwa nini taa hizi huwaka pamoja, jueni kwamba kompyuta ya saspensheni kwa kawaida haina sensa yake ya mwendo. Mwendo wa gari inaupata kutoka kwa kompyuta ya ABS kupitia mtandao wa CAN, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huongea kupitia kwazo. Huo ndio unaoiambia ishushe gari kidogo kwenye barabara ya kasi, na isiguse kimo wakati gari linakata kona au linafunga breki. Ikikosa mwendo wa kuaminika, inaacha kurekebisha kimo, inawasha taa na kubaki hapo ilipo. Kompresa yake inaweza kuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo mkishika ile karatasi, jiulizeni: kati ya kompyuta hizi, ipi imeona tatizo kwa macho yake, na ipi imesimuliwa? Iliyoona ni ile ambayo waya wa kifaa chenyewe unaingia ndani yake. ABS ikitoa C0035, yaani hitilafu kwenye saketi ya sensa inayopima kasi ya gurudumu la mbele kushoto, hiyo ni shahidi wa macho. Saspensheni ikitoa U0415, inasema tu kwamba taarifa zinazotoka ABS haziaminiki. Amesimuliwa huyo. Tuanze kwa aliyeona.

Msichanganye U0415 na U0121. Ya kwanza ina maana ABS ipo na inaongea, ila maneno yake hayaaminiki, basi nendeni kwenye magurudumu. Ya pili ina maana mawasiliano na ABS yamekatika, na hapo magurudumu yaacheni kwanza. Angalieni fyuzi za ABS, umeme unaoingia, ethi yake, na nyaya mbili za CAN. Betri ikiwa imechomolewa, pimeni kati ya nyaya hizo mbili: kwa kawaida mita isome karibu ohm 60, kwa sababu kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha ohm 120. Ikisoma 120, upande mmoja umepotea. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana mahali fulani.

Gari lililonifundisha somo hili lilikuwa limeshafungwa sensa mpya ya gurudumu la nyuma kulia mara mbili, na kompresa mpya juu yake. Taa zilizimika siku moja, zikarudi. Nikapima nyaya kutoka soketi ya ABS hadi soketi ya sensa, zote mbili zikasoma chini ya ohm 1. Nikaridhika. Nusu siku nzima nikahangaika na kompyuta yenyewe, nikiamini kwamba waya nimeshaumaliza.

Jibu lilitoka kwa mwenye gari alipokuja kuuliza. Aliniambia, "Fundi, mbona hili huwaka nikishaliinua tu kupita njia mbaya?" Nilikuwa sijamuuliza swali hata moja. Nikarudi chini ya gari, nikafunga mita kwenye ule waya, nikaachia gurudumu lining'inie mpaka mwisho. Mita ikapanda ikaonyesha waya umekatika. Nikainua gurudumu, ikarudi chini ya 1. Pale waya unapotoka kwenye bodi na kufungwa kwenye mkono wa saspensheni kuna kishikizo cha mpira, na hapo ndipo unapojikunja kila gari linapopanda na kushuka. Ngozi ya nje ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Lakini nilipoukunja kwa vidole, ulikuwa laini sehemu moja kama uzi. Nilipouchana, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi mbili tatu tu ndizo zilizokuwa bado zinagusana.

Fuateni mnyororo wake vizuri. Saspensheni inainua gari, waya unavutika na kukatika, ABS inaandika msimbo wa sensa, saspensheni inapoteza mwendo na kukwama kule kule juu. Mwenye gari anaona gari limekwama juu, anaamini saspensheni ndiyo mgonjwa. Tangu siku hiyo sipimi waya wa gurudumu bila kulipeleka gurudumu juu, chini, na kulikata usukani pande zote kama ni la mbele. Na mita peke yake siiamini kwa waya: uzi mmoja wa shaba unatosha kuidanganya. Chomoeni soketi pande zote mbili, mpitishe umeme wa taa ndogo kwenye waya huo. Ikiwaka hafifu, waya umechoka.

Kuhusu sensa zenyewe, kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni kupima ohm kwenye kila sensa. Sensa ya zamani, ile ya koili na sumaku, inapimika hivyo. Nyingi husoma kati ya ohm 800 na 2,500, na ukizungusha gurudumu inatoa volti ndogo zinazopanda na kushuka. Udhaifu wake ni kwamba gari likienda polepole sana haitoi kitu cha kutosha. Sensa za kisasa zina saketi ya elektroniki ndani yake. Zinalishwa na kompyuta ya ABS na kujibu kwa kubadilisha mkondo, kwa kawaida kati ya miliampia 7 na 14. Hizi ohm yake haina maana yoyote, na mita inaweza kukupa namba ya ajabu ukahukumu sensa nzima kuwa mbovu. Angalieni kama umeme unafika kwenye soketi, kisha tazameni mawimbi kwa oskiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye skrini, au kama huna, namba za magurudumu kwenye mashine ya kupimia.

Hizo namba ni za thamani sana, na wengi huzipita haraka. Wekeni magurudumu yote manne kwenye grafu moja, mwenzako aendeshe, wewe utazame. Gurudumu moja likianguka hadi sifuri kwa mpangilio, mara moja kila mzunguko, pete inayosomwa na sensa imeumia sehemu moja. Likianguka bila mpangilio kila gari linaporuka, ni waya au soketi. Likienda sawa na mengine lakini daima juu kidogo, pimeni upepo na ukubwa wa tairi kabla ya kugusa chochote. Na lisiposoma kabisa mara tu baada ya beringi kubadilishwa, ulizeni beringi ilifungwa vipi. Kwenye magari mengi ya sasa pete ya sumaku imo ndani ya sili ya beringi, upande mmoja tu. Ikigeuzwa, sensa haina cha kusoma, na hata ununue sensa kumi hakuna kitakachobadilika. Kutu nayo ikijaa chini ya sensa huisukuma mbali na pete. Kusafisha kikalio chake kumeokoa sensa nyingi nilizoletewa kama zimekufa.

Kuna wakati saspensheni ni mgonjwa kweli. Gari likilala upande mmoja asubuhi baada ya kusimama usiku, sensa ya gurudumu haihusiki: hiyo ni hewa inatoka. Nyunyizeni maji ya sabuni kwenye baluni ya hewa, hasa kwenye mikunjo yake, kwenye viungo vya bomba na kwenye boksi la valvu. Na uvujaji huo nao unaweza kuwasha taa ya ABS kwa njia ya mzunguko: kompresa inafanya kazi muda mrefu kuliko inavyopaswa, betri dhaifu inashuka volti, ABS inaandika msimbo wa umeme mdogo. Ndiyo maana betri na chaji napima kwanza kabla ya yote.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikilize. Kabla ya kuinua gari la saspensheni ya hewa, wekeni mfumo kwenye hali ya jeki, kwa kitufe au kwa mashine ya kupimia, la sivyo linaweza kujirekebisha kimo wewe ukiwa chini. Usiingie chini ya gari lililobebwa na hewa tu au na jeki tu, weka stendi. Usilegeze bomba la hewa kabla ya kutoa presha kwa mashine.

Ukishamaliza ukarabati, futa misimbo, kisha endesha gari. Kwenye magari mengi taa ya ABS haizimiki palepale. Kompyuta inataka kwanza kuona magurudumu yote yakisoma gari likitembea. Liinue, lishushe, pita kwenye matuta, kata kona, funga breki kwa nguvu mahali salama. Rudi usome tena kompyuta zote mbili, ya ABS na ya saspensheni, na umpigie mwenye gari tu baada ya zote mbili kuwa tupu.